Kitufe cha Sifuri

Walipomaliza kusoma hitma ya Mzee Abdalla na watu wakaanza kula, mimi niliponyoka nikaenda chumba cha nyuma kuangalia mashine. Najua si adabu kuacha sahani ya pilau ya watu na kwenda kukagua waya, lakini wanaonijua hapa Kibera walishanizoea. Mashine ilikuwa pale pale chini ya dirisha, imefunikwa kitambaa cha kudarizi, taa yake ya kijani inawaka. Ilikuwa inasubiri. Zaidi ya miaka ishirini imesubiri mtu mmoja tu abonyeze, na mtu huyo tumeshamzika. Mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini nilisimama pale nikalia, kisha nikajifuta na ncha ya leso na kurudi sebuleni. Bi Zahara, ambaye haoni lakini hapitwi na kitu, aliuliza, "Nekesa, umeenda kuiangalia?" Nikasema ndiyo. "Iko hai?" "Iko hai, Mama." Akaniambia watu wakiondoka nisiende, ana neno na mimi. Basi nikakaa kwenye kona yangu na soda mkononi, nawasikiliza akina mama wakizungumza juu ya bei ya mchele na mtoto wa nani ameolewa wapi, na mwaka ule ukanirudia wote.

Ya kwetu Bungoma nayaacha, hayahusu. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nina diploma ya mambo ya umeme na simu, sina kazi, na nilikuwa nakaa Kawangware 56, chumba kimoja na Wambui, msusi aliyekuwa na kiti chake katika saluni ya hapo stejini. Chumba kilikuwa juu ya duka la hadiwea, na tangu asubuhi walikuwa wakikata mabati chini yetu mpaka meno yanauma. Tulikuwa na kitanda kimoja, pazia la maua, stovu ya mafuta ya taa, na ndoo ya maji ambayo Wambui aliilinda kuliko mkoba wake. Tulikula githeri ya kununua, na siku njema ugali na matumbo. Wambui alikuwa na mdomo, wueh! "Hii diploma si uikaange tukule?" aliniambia kila jioni. "Ama uitundike hapo kwa dirisha izuie baridi." Lakini ndiye huyo huyo aliyenitafutia kazi. Mteja wake mmoja, akiwa ameketi chini ya draya, alikuwa akilalamika juu ya mjomba wake wa Kibera, mstaafu wa mambo ya simu, ambaye amejaza nyumba nzima waya na sasa anatafuta mtu anayesoma Kiingereza kigumu na asiyeogopa kupigwa na shoti. "Huyo mtu ninaishi naye," Wambui akamwambia, "na amenimalizia mafuta ya stovu. Mwambie mjomba wako aje amchukue hata leo."

Nilitembea mpaka Kibera nimevaa viatu vya Wambui, ambavyo vilikuwa vinanibana. Ilikuwa nyumba ya zamani ya Wanubi, kuta za udongo na paa la mabati, kibaraza mbele, na uani vyumba vya wapangaji. Mzee Abdalla alinifungulia mwenyewe. Alikuwa mrefu, kofia nyeupe kichwani, na sauti yake ndiyo iliyonishika kwanza. Ilikuwa nzito, haina haraka, sauti ambayo ukiisikia unajikuta umekaa vizuri kitini. Alinitangulia sebuleni, na kabla ya neno lolote lingine akasema, "Niko hapa, Zahara. Mlangoni. Nimekuja na mgeni, binti mrefu, viatu vinambana." Mwanamke aliyekuwa mkekani akichambua mchele kwa vidole aliinua uso, akaugeuza sawasawa upande wa sauti, akacheka. "Mwambie avivue basi. Kwani hapa ni benki?"

Nilidhani ni mzaha wao wa siku ile. Nilipozoea nyumba ndipo nikaelewa. Presha ya macho ilikuwa imemmaliza Bi Zahara macho yote mawili miaka michache kabla, na tangu hapo mumewe hakuwahi kuingia chumba alichomo, wala kutoka kiti kimoja kwenda kingine, bila kutanguliza maneno hayo: niko hapa, Zahara. Hakuyasema kwa huruma wala kwa mapenzi ya kuonyeshwa watu. Aliyasema vile mtu anavyopiga hodi, hata hajisikii. Majirani walikuwa wamezoea, na watoto wa plot walikuwa wakimwigiza wakicheza uani. Bi Zahara akishasikia, uso wake unageuka pale alipo mumewe, na mazungumzo yanaendelea kama ya watu wawili wanaotazamana. Watoto wao walikuwa wameshaoa na kuolewa na kutawanyika. Nyumba ilikuwa ya wao wawili na hiyo sauti.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Zahanati moja ilitaka laini ya simu ambayo mgonjwa angepiga, mashine ikapokea, ikamsalimia kwa Kiswahili na kumwambia abonyeze namba kujua siku yake ya kliniki. Mzee alikuwa amenunua kompyuta kuukuu na kadi moja ya kuunganisha kompyuta na nyaya za simu, na kadi ilikuja na kitabu cha Kiingereza kinene cha kuzuia mlango. Kazi yangu ilikuwa kukisoma kile kitabu na kuiandikia mashine maagizo. Mzee alikuwa amepanda nguzo za simu ujana wake wote na alijua nyaya kwa kuzigusa, mimi nilijua kuandika programu, na hakuna aliyemcheka mwenzake. Tulikaa bega kwa bega kitabu kikiwa katikati, na Bi Zahara alituletea gurusa za moto, ile mikate laini ya Kinubi, na mchuzi wa nyama. Wakati mwingine alituletea chai ya tangawizi, akipapasa ukuta kwa mkono mmoja na trei kwa mwingine, na ukijaribu kumsaidia unapigwa kofi la mkononi.

Jambo lililonishangaza katika kitabu kile ni kwamba mashine haielewi maneno hata kidogo. Inakaa inasubiri ishara: kengele imelia, mkono wa simu umeinuliwa, kitufe kimebonyezwa, mtu amekata. Kila kitufe kinatoa milio miwili kwa pamoja, mmoja mzito na mmoja mwembamba, na mashine inaitambua namba kwa ile milio. Nje ya ishara hizo, unaweza kuimwagia moyo wako wote na isijue kama kuna mtu. "Hata watu wako hivyo," Mzee alisema, akacheka peke yake. Sauti ya laini ilikuwa iwe yake, hilo halikuwa na mjadala. Lakini alikuwa mkali. "Kwenye laini hakuna porojo, Nekesa. Mtu anachomwa pesa kila sekunde. Sema neno, nyamaza." Walimfundisha hivyo kazini na alizeeka nayo.

Mvua za masika zilipoanza, sauti ile ikaanza kukwaruza. Tulidhani ni vumbi la dari, tukamnywesha tangawizi na asali mpaka akachoka. Kisha akaenda hospitali kubwa, akarudi, akaenda tena, na siku moja nikiwa chumba cha nyuma naunganisha waya nikawasikia kupitia ukuta. Kuta za nyumba ile hazikuweka siri. Alikuwa akimweleza mkewe kwamba kuna uvimbe kooni, kwamba ukiachwa utamuua, na ili kuutoa watalazimika kukiondoa kile kisanduku chote cha sauti. Atapumua kwa kitundu shingoni. Hatasema tena, hata kwa kunong'ona. Bi Zahara akasema, taratibu kabisa, "Mimi sina macho, wewe hutakuwa na sauti. Tutajuana vipi humu ndani, Abdalla?" Niliishika bisibisi mkononi mpaka ikaniumiza.

Kesho yake aliingia chumba cha nyuma, akafunga kile kitabu kwa kiganja, akaniambia laini ya zahanati isimame kwanza. Alikuwa amewaza usiku kucha. Kama mashine inaweza kumwambia mgonjwa siku yake ya kliniki mtu akibonyeza namba, basi inaweza kumwambia Zahara kwamba mumewe anataka chai. Tutarekodi sentensi zote anazohitaji kabla ya siku ya upasuaji, kila moja na namba yake. Akiwa nyumbani atabonyeza simu ya mezani iliyounganishwa na mashine, na spika itasema. Akiwa mbali atapiga kwa simu ya mkono, mashine impigie Zahara, yeye abonyeze huko aliko. Kumwandikia hakukuwezekana, asiyeona atasoma nini? Na ku-flash, kupiga na kukata, hakusaidii, maana flashi moja inasema tu kwamba uko, haisemi una shida gani. Nilimwambia itawezekana. Sikuwa na hakika hata kidogo, lakini ungemwona jinsi alivyokuwa akinitazama nawe ungesema vile vile.

Tulitundika blanketi ukutani kupunguza kelele za uani, tukaweka redio ya kaseti mezani, na tukarekodi. Nimefika. Nakuja. Nimechelewa. Weka chai. Funga mlango. Kuna mgeni. Niko msikitini. Nimechoka. Mguu unaniuma. Ndiyo. Hapana. Sijui. Pole. Sauti ilikuwa imekwaruza lakini bado ilikuwa yake, na alizisema zote kwa ule ufundi wake wa kazini, fupi na safi, hakuna porojo. Tulipangua na kupanga mpaka namba zote moja hadi tisa zikajaa, kila moja na kundi lake. Nilimuuliza, kwa aibu, kama hataki pia maneno kidogo ya mke na mume. Alinitazama juu ya miwani. "Hayo hayasemwi kwa waya, binti." Kilichotuudhi ni chai. Kila tukifika katikati ya sentensi, mlango unalia, Bi Zahara anaingia na trei, Mzee anamtamkia yale maneno yake, kikombe kinagonga sahani, na rekodi imeharibika. "Mama, tafadhali, tukimaliza!" nilisema. "Mnywe kwanza," alijibu, "hiyo sauti yenyewe inahitaji chai." Tunarudia upya. Kwenye kompyuta niliingiza zile safi tu.

Alipasuliwa wakati wa baridi kali. Siku aliyorudishwa nyumbani nilikuwa nimeshafunga kila kitu: simu ya mezani kwenye meza yake sebuleni, spika juu ya mlango, mashine inawaka huko nyuma. Bi Zahara alikuwa mkekani na ungo wake. Mzee akaingia, bandeji shingoni, amekonda, akasimama. Mkewe alisikia nyayo. "Nani?" akauliza. Mzee akafungua mdomo, pakatoka hewa tu hapo shingoni. "Nani huyo?" Nikamwona yule mtu mzima akikimbilia meza na kubonyeza kitufe, na juu ya mlango sauti yake ikasema: "Nimefika." Bi Zahara akashtuka, mchele ukamwagika. "Ndiyo," ikasema spika. Halafu, "Nimechoka." Akaziba masikio. "Nekesa! Zima hiyo redio yako!" Nikamwambia, "Si redio, Mama, ni Mzee, ndiye anayebonyeza." "Huyo si Abdalla! Abdalla haniingilii namna hiyo, kama mtu wa kusoma mita!" Akaanza kulia, akipapasa hewani kumtafuta, akamtafuta upande wa mlango ilikokuwa spika, na mume yuko nyuma yake kabisa.

Wakati huo huo tulijua, mimi na Mzee, wote wawili. Aliweka mkono kooni akanitazama, na macho yake yalijaa. Tulikuwa tumerekodi chai na mlango na mguu unaouma, na yale maneno aliyoanza nayo kila siku ya maisha yao hatukuyarekodi, kwa sababu kwake hayakuwa maneno, yalikuwa hodi. Nani hurekodi hodi? Na sasa hakukuwa na sauti ya kuyasema. Nilimwonea huruma ambayo sijawahi kumwonea mtu mwingine. Siku zilizofuata nyumba ilikuwa na kimya cha kuogofya. Bi Zahara alianza kukaa uani na wapangaji, maana huko angalau watu walikuwa na sauti. Chakula aliweka, mumewe alikula, ungo ukawekwa kando, na simu ya mezani haikuguswa.

Nilijaribu ujanja. Nilichukua "niko" kutoka "niko msikitini", nikachukua "hapana", nikakata mkia wake nikabakiwa na "hapa", nikaviunganisha. Jina Zahara halikuwapo popote. Mzee alipoisikiliza alitikisa kichwa, na hata mimi niliona haya. Ilikuwa sauti ya mtu aliyesukumwa kutoka kwenye gari. Mpangaji mmoja mwenye sauti nzito akajitolea kumwigiza, na Bi Zahara alimfukuza kwa mwiko kabla hajamaliza. Nilirudi Kawangware jioni ile nimekata tamaa kabisa. Nilimweleza Wambui yote, naye kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakufanya mzaha. Alinikaangia mayai mawili, yote yangu.

Jumapili yake Wambui alitaka kaseti ya kurekodia nyimbo za redioni. Nilimwonyesha mfuko wa kaseti za Mzee, nikamwambia achukue yoyote, zilishaingizwa kwenye kompyuta, sina kazi nazo. Mimi nilikuwa nafua. Aliweka moja asikie ina nini, na nikasikia ile "Funga mlango" ikirudiwa na kurudiwa, Mzee akikohoa, mimi nikisema tuanze tena. Halafu Wambui akaanza kucheka. "Aki Nekesa, huyu mzee ni wa nguvu! Hapo kwingine anaongea ni kama benki, lakini sikia hapa, sasa hapa anaongea kama mtu." Akarudisha nyuma. Mlango ukalia kwenye kaseti. Nyayo. Na ile sauti, imelegea, haina kazi ya kufanya: "Niko hapa, Zahara. Angalia waya mguuni." Kikombe kikagonga sahani. Niliacha nguo ndani ya beseni. Mikono ina povu nikamshika Wambui mabega, nikamtikisa mpaka akapiga kelele kwamba namharibia rasta. Kila chai aliyotuletea yule mama, kila rekodi tuliyosema imeharibika, ilikuwa na maneno yale. Nililia mbele ya Wambui, na sikujali.

Sikuisafisha. Niliacha mlango ulie na kikombe kigonge, nikakata tu kabla ya habari ya waya. Namba moja hadi tisa zilikuwa zimeshachukuliwa, ikabaki sifuri, basi nikaiweka kwenye sifuri, kitufe cha peke yake, bila namba nyingine ya kufuata. Kitu kimoja zaidi nilikibadilisha, na hiki hakikuwa kitabuni. Niliishusha spika kutoka juu ya mlango nikaiweka mezani, kando ya simu, ili sauti itoke pale mtu alipo. Kisha nikamwita Bi Zahara aje ndani, nikamdanganya kuna chai. Alikaa mkekani, uso umekunjamana. Mzee akaingia polepole, akakaa kitini pake, akaniangalia. Nikamwitikia kwa kichwa. Akabonyeza.

"Niko hapa, Zahara."

Uso wake ukageuka. Uligeuka sawasawa alipo, si juu, si mlangoni, pale pale alipokaa mumewe. "Wewe," alisema. "Ulikuwa wapi wewe siku zote hizi?" Mzee akainamia vitufe, akatafuta kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. "Nimechelewa," spika ikasema. Kisha, baada ya kutafuta tena, "Pole." Bi Zahara alicheka na kulia kwa pamoja, akajikokota mkekani mpaka akaufikia mguu wake, akaushika. Mimi nilitoka nje nikawaacha. Uani watoto wakaniuliza kwa nini nalia, nikawaambia ni vitunguu.

Baadaye ilikuwa furaha tupu, na vituko. Siku ya kwanza Mzee alipojaribu kupiga kutoka mbali, alikwenda mpaka steji ya Olympic na simu ya mkono, mimi nikabaki na Bi Zahara. Mama akamsimulia kwenye simu habari ya jirani na mbuzi, na akaangua kile kicheko chake chembamba cha juu. Mashine ikadhani kicheko ni mlio wa kitufe. "Funga mlango," ikamwambia. Akaduwaa, akacheka tena zaidi. "Nimechoka," ikasema. "Hata ukiwa bubu huachi kunikatiza!" alimfokea Mzee, ambaye kule Olympic hakuwa amebonyeza kitu. Kitabu kilikuwa na sura nzima juu ya shida hiyo, na nilitumia wiki kuifunza mashine isikilize upande wa Mzee peke yake. Laini ya zahanati ilifuata, na miaka michache wagonjwa walisikia sauti ya mtu ambaye wakikutana naye njiani alikuwa anawapungia mkono tu. Mimi nilipata kazi nyingine, halafu ofisi yangu mwenyewe, lakini kompyuta ya Mzee ikizeeka nilikuja kuihamishia nyingine, kila mara, sikumtoza kitu ila gurusa.

Basi watu walipoondoka leo, vyombo vikaoshwa, Bi Zahara akaniita. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua atakuwa anaogopa mashine kuharibika, na kwa hiyo nikatangulia. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, sauti zote ninazo, nitaziweka kwenye simu yake ndogo, akitaka kumsikia atabonyeza mwenyewe, hata usiku, hata mara mia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Simu ya mezani ilikuwa mapajani mwake.

"Ukibonyeza sifuri inasema nini?" akaniuliza.

"Mama, unajua inavyosema."

"Sema."

"Inasema, niko hapa, Zahara."

"Na yuko?"

Nikaitazama simu ile. Akasema, bila hasira, "Abdalla hajawahi kunidanganya. Miaka yote hii, ikisema yuko, yuko, maana kidole kilikuwa chake. Usimfanye mwongo sasa akiwa kaburini. Kaizime, mwanangu." Akanishika mkono, akakichukua kidole changu, akakipitisha juu ya vitufe vya simu, moja, mbili, tatu, namba zikiwa bado zimeinuka vizuri, mpaka akafika chini kabisa. Pale sifuri hapakuwa na namba. Palikuwa laini, pamebonyea, plastiki imelika. "Hii nitabaki nayo," akasema.

Nilikwenda chumba cha nyuma. Nilikaa kidogo na mkono kwenye swichi, kisha nikaizima, na ile taa ya kijani ikaondoka. Feni ilizunguka ikapungua, ikanyamaza. Sikuwahi kuusikia ukimya wa chumba kile tangu nikiwa na miaka ishirini na tatu. Niliporudi sebuleni kulikuwa na kagiza, hakuna aliyekumbuka kuwasha taa, na Bi Zahara alikuwa ameinua uso akisikiliza, akiugeuza huku na huku.

"Niko hapa, Mama," nikasema. "Karibu na dirisha."

Uso ukatulia upande wangu. "Haya, kaa basi," akasema. "Na uvue hivyo viatu."